Pikipiki Nayo Ina Alifu Yake

Wasomaji wangu, leo nataka nianze kwa kukiri kosa, maana mtu asiyetangulia kutaja lake hana uso wa kuyataja ya wenziwe.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua pikipiki. Sikuinunua niipande mimi, umri wangu haukubali tena mambo hayo. Nilimnunulia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amemaliza shule na kazi hakuipata, akawa kutwa barazani akihesabu wapitao. Tulipatana anipe hesabu kila jioni na kinachozidi kiwe chake. Pikipiki ililetwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Magharibi ilipoadhiniwa, kijana alikwisha jua kuitia gia. Jumamosi asubuhi alikuwa kituoni pamoja na wenziwe akiita abiria.

Nani aliyemfundisha? Mimi. Katika ujana wangu niliwahi kupanda pikipiki mwaka mmoja na nusu, basi nikajiona fundi. Nilimpeleka kwenye uwanja wa mpira huko Kisauni, nikamwonyesha klachi, gia na breki, nikamwambia maneno ambayo nadhani kila kijana wa pwani ameambiwa: kamata klachi, tia gia, achia polepole. Akauzunguka uwanja mara nne au tano bila ya kuanguka, watoto wakampigia makofi, nami nikarudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyesomesha.

Wiki ya saba alimpakia bibi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima tunayemheshimu sote, akitoka naye sokoni Kongowea na kikapu chake. Bibi alikaa upande, kama wakaavyo mama zetu wengi, miguu yote kushoto. Njiani upepo ukaupeperusha ukingo wa buibui, ukaingia katika spoki za gurudumu la nyuma. Mpwa wangu alihisi anavutwa, akababaika, akaikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu likafunga, pikipiki ikateleza ubavu, wakaanguka. Kijana alichubuka kiwiko tu. Bibi alivunjika mfupa wa paja, na mpaka leo hii anatembea na mkongojo.

Nilipokwenda kumtazama hospitali, nikakaa pembeni ya kitanda sijui nianze vipi, yeye ndiye aliyenipoza. “Ndiyo kudra ya Mungu, mwanangu,” aliniambia, “msimpige kijana.” Na kila aliyeingia kumjulia hali alisema neno lile lile tulilozoea: ajali haina kinga. Wallahi, laiti bibi yule angenitukana ningelala. Neno lile la upole ndilo lililoninyima usingizi.

Sina ugomvi na kudra, wala Mwislamu hana. Lakini sote tumesimuliwa chuoni tangu wadogo habari za yule mtu aliyemwacha ngamia wake bila ya kumfunga akasema anamtegemea Mungu, na jinsi alivyoambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Mimi ngamia wangu sikumfunga. Nilimfungulia kijana asiyejua lolote chombo chenye nguvu, nikampa na roho ya mtu mwingine aichukue mgongoni, kisha mfupa ulipovunjika nikataka kusema haina kinga. Ajali nyingine huenda hazina kinga. Hii ilikuwa nayo, na kinga yenyewe ni mafunzo.

La kustaajabisha ni kwamba sisi watu wa pwani si watu wa kupuuza mafunzo. Mtoto akipelekwa chuoni hapewi msahafu siku ya kwanza. Huanza na alifu, be, te. Akishazijua herufi huzitia irabu. Akishazitia irabu huziunga. Na mwalimu hamruhusu kugeuza ukurasa mpaka ule wa kwanza uwe umeshika ulimini. Na jahazini ndivyo ilivyokuwa. Kijana aliyetaka ubaharia alianza kwa kukumba maji ya ngama na kumpikia nahodha, akafundishwa kufunga kamba, akapanda foromali, akapita miaka ndipo akaguswa bega akaambiwa haya, shika usukani, na nahodha mwenyewe amekaa kando yake anatazama tanga. Hapana mzee wa Lamu wala wa Vanga ambaye angemkabidhi mtoto jahazi jioni, asubuhi amwone anapakia abiria wa Pemba. Angeitwa mwendawazimu. Lakini sisi wajukuu wa mabaharia hao ndivyo tufanyavyo kwa pikipiki kila Ijumaa ya Mungu.

Huenda sababu ni kwamba chombo hiki kimetujia kwa ghafla. Bodaboda, kama wengi wajuavyo, ilianza upande wa pili wa nchi, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, nayo ilikuwa baiskeli ya kuwavusha watu na mizigo yao kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Jina lenyewe la boda limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki zilikuja kuchukua mahali pa baiskeli baadaye, na mwishoni mwa miaka ya 2000, kodi zilipopunguzwa kwa pikipiki ndogo, zikamiminika kama dagaa. Leo zimeingia hata Lamu, mji uliozoea mwendo wa punda. Mwendeshaji wa baiskeli akikosea, aghalabu huanguka yeye, akajipangusa akainuka. Pikipiki ilikuja na mwendo mwingine kabisa, lakini sisi tuliipokea kwa mafunzo yale yale ya baiskeli: mtu akushikie nyuma, akuachie, uende.

Wala tusidhani kosa hili ni letu peke yetu. Mwaka 1981 ilichapishwa huko Marekani ripoti ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Yeye na wenziwe walizifuata ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakifika mahali penyewe, wakipima alama za tairi barabarani, wakiuliza. Waliyoyakuta yangeweza kuandikwa Bombolulu. Katika kila watu 100 waliopata ajali, 92 walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na jamaa na marafiki. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wametimiza miezi mitano juu ya pikipiki ile waliyoanguka nayo. Na mtu alipojikuta hatarini, tangu kuiona hatari hadi kugonga, aghalabu alikuwa na muda usiofika sekunde mbili. Katika sekunde mbili hakuna afikiriaye. Mkono na mguu hufanya yale tu yaliyokwisha fundishwa, na kama havikufundishwa kitu hufanya upuuzi. Mpwa wangu alifundishwa na jamaa, alikuwa na wiki saba, na mguu wake ulifanya upuuzi. Nilipoisoma habari hiyo niliona kama inanitaja.

Basi bibi alipotoka hospitali nikaichukua pikipiki nikaifungia uani miezi miwili. Kisha nikaanza kuuliza, mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyemaliza ujana wake juu ya pikipiki akipeleka barua na mafaili ya ofisi, na siku hizi anafundisha katika shule moja ndogo ya udereva. Nikampeleka kijana, nami nikawa nahudhuria kila asubuhi, nimekaa juu ya jiwe chini ya mwembe, natazama yale ambayo ningeyajua mimi mbele yangesaidia.

Siku ya kwanza mzee hakuwasha moto kabisa. Alimtaka kijana aisukume pikipiki, aizungushe, ailaze kidogo kushoto na kulia auhisi uzito wake, aisimamishe kwa stendi na kuiteremsha. Kisha akamtembeza kuizunguka: tairi zina upepo, cheni haikulegea, breki zinashika, taa zote zinawaka. Mpwa wangu alinuna. “Mwalimu, mimi nimeiendesha wiki saba, na leo nafundishwa kuisukuma?” Mzee hakukasirika. “Hukuiendesha, mwanangu,” alisema. “Yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikuchukua.”

Siku ya pili na ya tatu zilikwenda zote kwa klachi. Kuna mahali, upana wake kama wa kucha, ambapo klachi inaanza kushika na pikipiki inataka kwenda lakini haijaenda. Mzee alimtaka kijana apajue mahali hapo kama aujuavyo mlango wa kwao gizani. Akawa anatembea kwa miguu, na kijana sharti aende sambamba naye juu ya pikipiki, asimtangulie wala asiteremshe mguu chini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulijua katika mwaka wangu ule na nusu wa ufundi: kwenda mbio juu ya pikipiki si kazi, maana mwendo wenyewe unaisimamisha. Kazi ni kwenda polepole. Kijana aliyekuwa akipita kwa kishindo mbele ya kituo alianguka mara tatu kwa mwendo wa mzee anayetembea.

Baadaye mzee alipanga makumbi ya nazi uwanjani, akamtaka apite katikati yake kwa kuzunguka kama aandikaye nane, kisha ageuze pikipiki nzima katika upana wa kichochoro. Huko Japani, nimesoma, wanaotafuta leseni hupitishwa juu ya ubao mwembamba wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 15. Mtihani hautaki mtu aupite upesi. Wenye pikipiki za wastani sharti watumie sekunde zisizopungua 7 kuumaliza, na wenye pikipiki kubwa sekunde 10. Apitaye mbio hukatwa alama, na atelezaye nje ya ubao ameshindwa papo hapo. Wajapani ambao wameiuzia dunia pikipiki zenye mbio kuliko zote ndio wampimao mtoto wao kwa uwezo wa kwenda pole.

Na macho. Mzee alikuwa akipiga kelele tangu asubuhi hadi adhuhuri, “Tazama unakokwenda, usitazame unachokiogopa!” Kwani mwili hufuata jicho, na pikipiki hufuata mwili. Anayelikodolea shimo macho huingia ndani ya shimo lile lile alilotaka kuliepuka. Atazamaye pembeni, penye njia nzuri, hupita.

Lakini lililonishtua zaidi ni la breki, na hapa naomba msomaji mwenye kijana wa pikipiki nyumbani asome polepole. Vijana wetu karibu wote wanaamini kwamba breki ya mbele ni adui, ati ukiigusa inakupindua kichwa chini. Wengine hata huilegeza kusudi. Mimi mwenyewe nilimwambia mpwa wangu asiizoee. Ukweli ni kinyume chake. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wote husogea mbele, gurudumu la mbele likabana barabara na la nyuma likawa jepesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, karibu robo tatu, iko mbele. Na la nyuma likibanwa peke yake, maadam ni jepesi, hufunga na kuteleza, kama lilivyomtelezea mpwa wangu. Wale watafiti wa Los Angeles waliona jambo hili hili: watu waliifunga breki ya nyuma na kuisahau ya mbele. Breki ya mbele humpindua anayeibana kwa kishindo au huku amekunja kona. Anayeibana kama akamuavyo chungwa, kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, na usukani umenyooka, humsimamisha.

Mzee alimfanyisha zoezi hilo siku nne mfululizo. Kwanza kwa mwendo mdogo, halafu zaidi kidogo, pakavu, kisha akamwaga ndoo za maji, kisha mchanga. Akamfahamisha na hesabu yake. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, na tangu jicho lione hadi vidole vibane, kwa mtu aliye macho sawasawa, sekunde moja imekwenda. Yaani urefu wa jahazi zima umepita kabla breki haijaanza kazi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi inayotakiwa na breki zenyewe huongezeka mara nne. Lami iliyopata mvua ya kwanza ya masika, iliyochanganya vumbi na mafuta ya malori, ni mbaya kuliko iliyonyeshewa kutwa. Haya yote ningemwambia nani, na mimi sikuyajua?

Ya barabarani nitayapitia kwa haraka, maana yakishafika huko mwanafunzi amekwisha kuwa na mikono. Mzee alimfuata nyuma kwa pikipiki yake siku kadhaa, asubuhi mapema kabla magari hayajajaa. Alimfundisha kwamba kioo hakitoshi, sharti ageuze shingo atazame juu ya bega kabla ya kuhama upande; asikae ubavuni mwa lori ambako dereva hamwoni; awashe taa hata mchana; na akifika njia panda ahesabu kwamba matatu ile inayongoja kukunja itakunja mbele yake, kwa sababu dereva wa gari hutazama magari. Ajali ya pikipiki na gari mara nyingi sana huwa hivyo, na dereva huapa hakumwona, na aghalabu husema kweli.

Abiria alikuwa wa mwisho. Kwanza mzee mwenyewe alipanda nyuma, akajitikisa, akajiinamisha kusudi, ili kijana ajue jinsi pikipiki inavyogeuka kuwa kitu kingine ikiwa na mtu wa pili: husimama mbali zaidi, hukunja kwa uzito, na mbele huwa jepesi. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akawasha moto akatia gia, gurudumu la nyuma likawa linazunguka hewani. Akachukua leso kuukuu ya mkewe, akashika pindo moja kwa mbali na jingine akaliachia liguse spoki. Leso haikuchanika. Ilimezwa. Kabla sijapepesa jicho haikuwapo mkononi mwake, na injini ikazima kwa kukabwa. Mpwa wangu aligeuka upande wa pili akafuta uso wake.

Hakuna kitabu cha Ulaya kitakachotuandikia somo hilo, kwa sababu huko hawana buibui wala leso. Ni somo letu sisi, na sisi ndio tunaotakiwa kulitia katika mafunzo ya kila kijana wa Mombasa, Malindi na Kwale: kabla ya kuondoka, geuka, mwombe mama akusanye nguo yake aikalie au aifumbate, tazama kwa macho yako, ndipo utie gia. Si utovu wa adabu. Ni adabu.

Na maadam tuko kwa abiria, kuna hili la helmeti. Najua malalamiko: inanuka, imevaliwa na watu 20, inaharibu mtandio. Kuna ambao hufunga kitambaa chepesi ndani yake, na hilo linawezekana. Wale wanaosoma historia ya Arabuni wanamjua Mwingereza T. E. Lawrence, aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika vita vya kwanza vya dunia. Vita havikumuua. Alikufa Mei 1935 nyumbani kwao, baada ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki bila ya kofia ngumu kichwani. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo, akafanya uchunguzi na mwaka 1941 akaandika juu ya vichwa vya askari wa pikipiki, na kutoka hapo jeshi la Uingereza likaanza kuwalazimisha wapeleka barua wake wavae. Uchunguzi uliokusanywa baadaye kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ndiyo kinga ya ajali isiyo na kinga.

Nina hakika wako watakaosema: bwana huyu anataka mambo ya Wazungu. Basi tutazame hao Wazungu. Waingereza nao walikuwa wakiwaachia vijana wao waingie barabarani na kibao cha L tu, mpaka tarehe 1 Desemba 1990 walipoleta mafunzo ya lazima. Tangu wakati huo anayeanza sharti apitie kwanza uwanja, azunguke nane, ageuze, asimame ghafla, na mwalimu akiridhika ndipo atoke naye barabarani kwa muda usiopungua saa mbili. Na mwalimu mmoja haruhusiwi kutoka na wanafunzi zaidi ya wawili. Akimaliza yote hayo bado ni mwanafunzi, na mwanafunzi haruhusiwi kupakia mtu mpaka afaulu mtihani kamili. Japani hata aliyekwisha pata leseni hungoja mwaka mmoja ndipo apakie mtu nyuma.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha jambo letu. Sheria hatukukosa. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 mwendeshaji anatakiwa awe na helmeti na koti la kumeremeta, na abiria wake vivyo hivyo, na abiria awe mmoja tu. Leseni nayo inatakiwa. Lakini kijana wetu abiria wake ni wa siku ya kwanza, kwa sababu deni lake ni la siku ya kwanza. Hajifunzi akiwa peke yake hata saa moja. Anajifunza na mama mjamzito nyuma, na mtoto wa chuoni, na mzee anayekwenda kupokea dawa. Na nani anayemkimbiza? Polisi huwalaumu vijana, magazeti huwalaumu vijana. Nathubutu kusema tuwaache kidogo. Nyuma ya pikipiki nyingi zilizoko kituoni kuna mtu mzima mwenye kanzu safi, mwalimu, mfanyabiashara, mstaafu, hata mtu aliyekwisha hiji, ambaye anangoja hesabu jioni. Namjua mmoja wao vizuri sana, hunyoa naye ndevu kila asubuhi.

Sisi wenye pikipiki ndio tunaoweza kulimaliza jambo hili bila ya kungoja Nairobi. Anayeweza kununua pikipiki anaweza kulipia na mafunzo yake. Mimi nimelipa yote mawili, na gharama za hospitali juu yake, na nawaambieni kwamba mafunzo ndiyo yaliyokuwa rahisi kuliko yote. Tusipokee hesabu mwezi wa kwanza. Mwezi huo kijana achukue mizigo midogo tu, mkate, samaki, barua, asipakie roho ya mtu. Viwanja vyetu vya mpira viko wazi kutoka alfajiri hadi saa 3, na mitaani kuna wazee wa pikipiki waliostaafu ambao hakuna awaulizaye neno. Shule za udereva zikawatumia hao, na kamati za mitaa zikawachangia vijana wasio na mjomba, tutakuwa tumeanza. Na Ramadhani, ile saa ya mwisho kabla ya futari, kila mtu na njaa yake na jua machoni, mwenye pikipiki ampigie simu kijana wake amwambie asimame, afuturu pale pale alipo. Hesabu itapungua siku 30. Ipungue.

Mpwa wangu alirudi kituoni baada ya miezi mitano. Wenziwe walimcheka mwanzoni, wakamwita mwanafunzi, kwa sababu haondoki mpaka amegeuka nyuma akatazama. Wawili wao sasa wako kwa mzee, mmoja nimemlipia mimi.

Wiki iliyopita yule bibi alituma mtoto kwangu. Anataka kwenda maziko Mtwapa, na teksi ni ghali, je, kijana yupo? Nilimtumia jibu kwamba nitamlipia teksi. Akamrudisha mtoto: hakuuliza teksi, ameuliza kijana. Nikatoka nikasimama mlangoni nitazame. Mpwa wangu alimpa shikamoo, akaupokea mkongojo akaufunga ubavuni kwa mpira, akamvalisha helmeti juu ya mtandio taratibu. Kisha akasimama kando, mikono nyuma, akangoja. Bibi alilikusanya buibui lake lote, akalikunja mara mbili, akalikalia. “Tazama,” alimwambia. Kijana akachutama akatazama gurudumu, akazunguka akatazama na upande wa pili, ndipo akapanda.